Sheria ya ujenzi ianzie kwenye msingi, si kwenye kifusi

Wako watoto katika mitaa ya Nairobi ambao huijua herufi X kabla ya kuijua herufi A. Hawakufunzwa na mwalimu. Waliiona imechorwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa nyumba wanamolala, na wakubwa wakawaeleza kwamba maana yake ni kuwa nyumba hiyo haifai kukaliwa na watu. Baada ya maelezo hayo, mtoto huingia ndani, akapanda ngazi, akala chakula chake cha jioni na kulala. Mwezi ukiisha mwenye nyumba hupita mlango kwa mlango akikusanya kodi yake. Ile X huwa ingali pale pale, ikififia kidogo kila msimu wa mvua.

Alama hiyo ilianza kuonekana kwa wingi kuanzia mwaka 2015, serikali ilipounda kitengo cha kitaifa cha kukagua majengo. Kitengo hicho kilikagua takriban majengo 15,000, na zaidi ya 10,000 kati yake yakaonekana si salama. Hesabu hiyo inatisha, lakini kuna jambo linalotisha kuishinda. Kila moja ya majengo hayo lilijengwa mchana, kwa miezi mingi, kando ya barabara inayopitwa na watu. Malori ya kokoto yalipita, mafundi wakapanda na kushuka, nguzo zikainuka ghorofa baada ya ghorofa. Hakuna aliyewahi kujenga ghorofa sita kwa usiku mmoja. Walioajiriwa kukagua ujenzi walikuwa wapi muda huo wote?

Hoja ya makala haya ni nyepesi kuieleza ingawa ni nzito kuitekeleza. Sheria za matumizi ya ardhi, za ujenzi na za mazingira zina wakati wake, na wakati huo ni pale msingi unapochimbwa. Zikichelewa hadi jengo limesimama na watu wamehamia, hugeuka kuwa mojawapo ya mambo mawili: maombolezo au ubomoaji. Na yote mawili, aghalabu, humwangukia mtu ambaye hakuvunja sheria yoyote.

Wapangaji wawili

Walimu wa lugha watakubali kwamba Kiswahili kimetuwekea neno la ajabu katika jambo hili. Yule anayekaa ofisini akiamua barabara ipite wapi na nyumba zijengwe wapi huitwa mpangaji. Yule anayelipa kodi ya chumba kila mwezi naye huitwa mpangaji. Mmoja hupanga mji, mwingine hupanga nyumba katika mji huo. Wa kwanza akilala, wa pili hulala katika hatari. Aghalabu wawili hawa hawajuani, wala hawajawahi kukutana. Lakini uhai wa mmoja umo katika saini ya mwenziwe.

Wala isisemwe kwamba Nairobi imekosa mipango. Mwaka 1948 uliandikwa mpango mkuu wa kuufanya mji huu kuwa makao makuu ya koloni. Mwaka 1973 ukaja mpango mwingine wa kuelekeza ukuaji wake. Mwaka 2014 ukazinduliwa mpango mkuu wa tatu. Kwa upande wa sheria nako tumeshiba. Bunge lilipitisha sheria ya upangaji wa ardhi mwaka 1996, sheria ya usimamizi wa mazingira mwaka 1999, sheria ya mamlaka ya ujenzi mwaka 2011, na mwaka 2019 ile ya 1996 ikabadilishwa kwa sheria mpya ya upangaji na matumizi ya ardhi. Mabaraza ya miji yaliyosimamia kazi hii tangu uhuru yalitoweka baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na majukumu yake yakachukuliwa na serikali za kaunti 47 zilizoundwa na Katiba ya 2010. Madiwani waliondoka, wawakilishi wa wadi wakaingia. Kwa mpangaji wa chumba, kilichobadilika zaidi ni maandishi yaliyo juu ya mlango wa ofisi.

Kwa manufaa ya wanafunzi, na tueleze jinsi mambo yanavyopasa kwenda. Anayetaka kujenga huwasilisha ramani kwa kaunti. Ramani hiyo huwa imechorwa na msanifu wa majengo aliyesajiliwa, na hesabu za uzito na uimara zikafanywa na mhandisi. Maafisa wa kaunti hutazama iwapo eneo hilo limetengewa makazi, biashara, viwanda au kilimo. Iwapo mfereji wa maji taka utatosha. Iwapo gari la zimamoto litapata pa kupita. Na iwapo ardhi yenyewe ni ya mwombaji kweli. Mradi unaoweza kuathiri mazingira hufanyiwa tathmini na kupelekwa kwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi nayo husajili mradi pamoja na mwanakandarasi. Ujenzi ukianza, wakaguzi hupaswa kufika kwa hatua: kwenye msingi, kwenye nguzo, na kwa kila sakafu. Mwishowe hutolewa cheti cha kuruhusu watu kuhamia. Anayekiuka masharti hupewa ilani ya kusimamisha ujenzi, kuurekebisha au kuuondoa. Na akiona ameonewa anaweza kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti, kisha katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Utaratibu huo si mbaya hata kidogo. Mtu akiusoma kitabuni atadhani hakuna ukuta unaoweza kuanguka katika nchi hii.

Orodha ya vilio

Lakini kuta zimeanguka, na zimeendelea kuanguka. Mnamo Mei 1996, duka la Sunbeam liliporomoka katikati ya jiji la Nairobi na kuua watu waliokuwa ndani. Mnamo Januari 2006, jengo lililokuwa likijengwa katika barabara ya Ronald Ngala liliwaangukia mafundi na wapita njia. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa sita lililokuwa karibu na mto huko Huruma liliporomoka na kuua watu wasiopungua 49. Baada ya msiba, wakuu walieleza kwamba jengo hilo lilikuwa tayari limeorodheshwa miongoni mwa yale yaliyopaswa kubomolewa. Yaani hatari ilijulikana, ikaandikwa, ikawekwa katika faili, na watu wakaachwa walale humo.

Miaka mitatu baadaye msiba ukaingia darasani. Asubuhi ya tarehe 23 Septemba 2019, darasa la ghorofani la shule ya Precious Talent katika eneo la Dagoretti lilianguka muda mfupi tu baada ya wanafunzi kuingia. Watoto wanane walikufa, na wengine kadhaa wakapelekwa hospitalini. Walikuwa wamewahi shuleni kama walivyoagizwa, wakaketi mahali walipoagizwa kuketi. Mnamo Desemba mwaka uo huo, jengo la makazi huko Tassia, Embakasi, likaanguka na kuua wengine.

Baada ya kila msiba, wakubwa hufika wakiwa wamevaa kofia za ujenzi. Hutoa rambirambi, huamuru uchunguzi, huahidi kwamba waliohusika watachukuliwa hatua kali. Mwenye jengo hukamatwa. Wiki mbili zikipita, magazeti hugeukia habari nyingine. Methali ya wahenga kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta tumeifundisha madarasani kwa miaka mingi kama mfano wa tamathali. Hapa haina tamathali yoyote. Ufa ni ufa, ukuta ni ukuta, na walioko chini yake ni watoto.

Kwa nini sheria hulala?

Sababu ya kwanza ni wingi wa milango. Kaunti huidhinisha ramani. NEMA hutazama mazingira. Mamlaka ya Ujenzi hutazama mwanakandarasi. Mamlaka inayosimamia vyanzo vya maji hutazama mito. Mamlaka za barabara hutazama ardhi ya barabara. Kitengo cha ukaguzi huchora X. Kila mmoja ana kipande chake cha sheria, na jengo likianguka kila mmoja humwelekezea mwenzake kidole. Mahali ambapo sita wanawajibika, mara nyingi hakuna anayewajibika.

Sababu ya pili ni adhabu yenyewe. Sheria ya 1996 iliweka faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili, kwa anayejenga bila idhini. Sheria ya 2019 iliongeza faini hadi shilingi 500,000, lakini kifungo kikapunguzwa hadi kisichozidi miezi 2. Sasa mwalimu wa hisabati na aandike swali hili ubaoni: jengo lina vyumba 100, kila chumba hulipiwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Mwenye jengo atahitaji miezi mingapi ili kulipa faini ya juu kabisa? Jibu ni mwezi mmoja. Mfanyabiashara yeyote mwenye akili timamu ataijumlisha faini hiyo pamoja na gharama za saruji na mchanga, kisha aendelee kujenga. Adhabu iliyo rahisi kuliko kosa huwa ni leseni.

Sababu ya tatu ni ile ambayo kila mtu huijua na wachache huitaja bila kunong'ona. Kibali kina bei yake halali, na kina bei nyingine. Afisa akija kwenye uwanja wa ujenzi akaondoka bila kuandika lolote, mafundi huelewa. Saini yake huishia kwenye faili ambalo mpangaji wa chumba hataliona maishani mwake. Jengo likianguka, jina la mwenye nyumba hutangazwa. Jina la aliyetia saini, au la aliyepita akafumba macho, hubaki katika kabati.

Sababu ya nne ni upendeleo. Husemwa kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Katika miji yetu msumeno huu umekuwa na meno upande mmoja tu. Askari wa jiji, ambao raia huwaita kanjo, wana macho makali ajabu. Humwona mama mwenye karai la sukuma wiki akiwa mbali, wakamfukuza, wakamwaga mboga zake na kumpakia kwenye lori kwa kosa la kuuza bila leseni. Lakini macho hayo hayo hayaoni ghorofa ya saba ikiongezwa juu ya jengo lililoidhinishwa kuwa na ghorofa nne. Tatizo, basi, si kwamba kaunti hazina nguvu ya kutekeleza sheria. Nguvu ipo, na mama muuza mboga ni shahidi. Swali ni dhidi ya nani nguvu hiyo inatumika.

Mito na hatimiliki

Jambo hili huonekana wazi zaidi kandokando ya mito. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza ujenzi katika kingo za mto kwa kipimo kinacholingana na upana wa mto wenyewe, kisichopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande. Kipimo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya urembo. Mto hufurika, na ukifurika hudai nafasi yake. Mtu akijenga ndani ya nafasi hiyo amejinyima usalama yeye, na amemletea mafuriko jirani aliye upande wa chini.

Hata hivyo, mnamo Agosti 2018 tulishuhudia matingatinga yakibomoa majumba makubwa ya biashara kama Ukay Centre huko Westlands na South End Mall karibu na barabara ya Lang'ata, kwa sababu yalikuwa yamejengwa juu ya njia za maji. Baadhi ya raia walishangilia, kwa kuwa hatimaye msumeno ulikuwa umegeuzwa upande wa pili. Mwandishi huyu hana huruma na anayeziba mto ili apangishe maduka. Lakini majumba hayo yalisimama kwa miaka, yakiwa na maji, umeme na leseni za biashara, na baadhi ya wenye majengo yaliyobomolewa mwaka ule walishikilia kwamba walikuwa na vibali. Ikiwa vibali hivyo vilikuwa halali, kwa nini wabomolewe? Ikiwa havikuwa halali, nani aliyevitia saini, na yuko wapi leo? Tingatinga lilijibu swali la jengo. Swali la saini halikujibiwa, na kwa hiyo mlango ulioingiza kosa lile haukufungwa.

Isitoshe, uvunjaji wa sheria za ardhi mara nyingi huja umevaa karatasi nzuri. Tume ya Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003, ilionyesha katika ripoti yake jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, ikiwemo ya misitu, ya barabara na ya shule. Mgawiwa alipewa hatimiliki, akaipeleka kwa baraza la mji, na baraza likamwidhinishia ramani. Ndivyo ilivyotokea kwamba mnamo Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao wa michezo umezungushiwa ukuta. Walipoandamana pamoja na watetezi wao, walirushiwa gesi ya kutoa machozi. Picha zao zilizunguka dunia nzima, na uwanja ukarejeshwa. Lakini tujiulize: ukuta ule ulijengwaje katika jiji lenye idara ya upangaji, wakaguzi na askari? Watoto ndio waliofanya kazi ya idara, na malipo yao yakawa macho kuwashwa.

Katiba imelifunga jambo hili vizuri. Kifungu cha 40 kinaeleza kwamba ulinzi wa mali hauihusu mali iliyopatikana kwa njia haramu. Hatimiliki, basi, si hirizi. Afisa wa kaunti anayeletewa ramani ya jengo katika uwanja wa shule hana haki ya kujificha nyuma ya karatasi ya mwombaji.

Mzigo humwangukia nani?

Sheria inapochelewa, anayelipa ni nani? Mnamo Novemba 2011, wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, walibomolewa makao yao. Kesi yao ilipanda ngazi moja hadi nyingine, na Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi tarehe 11 Januari 2021. Ilieleza kwamba watu wasio na ardhi wanaoishi kwenye ardhi ya umma hawaifanyi kuwa yao kwa kuishi hapo, lakini wana haki ya makao ambayo haiwezi kupuuzwa. Haki hiyo ilithibitishwa zaidi ya miaka tisa baada ya nyumba kuvunjwa. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ile alikuwa amekwisha kuvuka umri wa shule ya msingi.

Mnamo Aprili na Mei 2024 mafuriko makubwa yaliua watu wengi nchini. Serikali iliamuru walio karibu na mito na mabwawa waondoke, baadhi yao wakapewa saa 24, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Hatari ilikuwa ya kweli. Hakuna mwenye akili atakayesema watu waachwe wasombwe na maji. Lakini tusisahau kwamba wakazi wale hawakuota kando ya mto kama uyoga. Kuna aliyewauzia kipande, kuna aliyewajengea mabati, kuna aliyepokea kodi kila mwezi, na kuna wakuu waliopita hapo kila siku kwa miaka na miaka. Siku ya tingatinga aliyekutwa na godoro kichwani ni mpangaji peke yake. Sheria ya ardhi huagiza kwamba wanaokaa kwenye ardhi isivyo halali wapewe ilani ya miezi mitatu kabla ya kuondolewa. Dola iliyonyamaza kwa miaka ishirini haina fahari ya kujisifu kwa kuamka kwa siku moja.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba tukikaza sheria, maskini watakosa pa kulala. Hoja hii ina uzito, na si haki kuipuuza. Ni kweli kwamba kanuni za ujenzi za 1968 zilifuata desturi za Uingereza na zilidai vifaa ambavyo wengi hawakuvimudu. Ndiyo maana mwaka 1995 zilirekebishwa ili vifaa vya bei nafuu vikubaliwe. Kanuni isiyoweza kutimizwa na mtu wa kawaida huwafundisha watu kuidharau sheria yote. Tunapaswa kutenganisha kanuni za sura na kanuni za uhai. Kama mtu amejenga kwa udongo ulioshindiliwa badala ya mawe ya kuchonga, kaunti na imsaidie ajenge vizuri. Lakini uzito wa nguzo, kina cha msingi, uwiano wa saruji na mchanga, umbali kutoka mtoni na mlango wa kutokea moto si anasa za matajiri. Na nyumba inayouawa kwa uchoyo wa saruji haikujengwa na maskini. Ghorofa sita hazijengwi na mtu asiye na fedha. Maskini ndiye anayelala ndani.

Wengine watasema kaunti hazina wakaguzi wa kutosha. Huenda ni kweli, lakini kila ramani hulipiwa ada. Ada hizo ndizo zinazopaswa kumlipa mkaguzi. Kaunti ambayo hupata askari wa kukusanya ushuru sokoni kabla ya jua kuchomoza haikosi njia ya kumpata mhandisi wa kutazama msingi.

Wengine tena watalaumu mahakama, kwamba mwenye jengo baya hukimbilia amri ya kuzuia ubomoaji na kesi ikaahirishwa mwaka baada ya mwaka. Hilo nalo hutokea. Lakini lenyewe ni ushahidi wa hoja yetu. Kusimamisha shimo la msingi ni kazi ya ilani moja. Kubomoa ghorofa sita zenye familia mia ni kazi ya mawakili, polisi na machozi.

La kufanya

Kwanza, ukaguzi wa kila hatua uwe na jina la mtu na tarehe, na taarifa hiyo ibandikwe mahali pa ujenzi ambapo mpita njia anaweza kuisoma. Mkaguzi akijua kwamba jina lake limeandikwa ukutani, atatazama nguzo kabla ya kutazama bahasha.

Pili, jengo lisiunganishiwe maji wala umeme wa kudumu kabla ya kupata cheti cha kuhamia. Hakuna mwenye nyumba atakayepata wapangaji mia katika giza.

Tatu, faini ilinganishwe na faida. Kila ghorofa iliyoongezwa bila idhini itozwe zaidi ya kodi inayoweza kuleta, ili kuvunja sheria kusiwe biashara.

Nne, alama ya X isichorwe bila tarehe ya mwisho na bila mpango wa wapangaji. Jengo likitangazwa kuwa hatari, kodi isimamishwe siku hiyo hiyo, na gharama ya kuwahamisha wapangaji ibebwe na mwenye jengo. Kuchora X na kuondoka ni kumwambia mtu kwamba atakufa, kisha kumtakia usiku mwema.

Tano, afisa aliyeidhinisha kisichofaa ashtakiwe pamoja na aliyejenga, katika kizimba kimoja.

Nafasi ya walimu na wanafunzi

Huenda msomaji wa shuleni akauliza: mimi na haya wapi na wapi? Jibu liko katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1989 ilitangazwa azma ya kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park. Wangari Maathai alipinga. Alipokwenda Mahakama Kuu, kesi yake ilitupiliwa mbali kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kisheria ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha madhara aliyopata yeye binafsi. Alitukanwa hadi Bungeni. Hakunyamaza, na jumba lile halikujengwa. Leo bustani hiyo ingali bustani. Zingatia wakati aliopinga: kabla ya nguzo kuinuka. Angalinyamaza hadi jumba limesimama, tungalikuwa tunazungumza lugha nyingine.

Mlango uliofungwa mbele yake mwaka 1989 umefunguliwa. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna aliyekwisha kuumia. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kuitekeleza. Haki hizi hazihitaji utajiri. Zinahitaji watu wanaojua kusoma na walio tayari kuuliza, na shule ni nyumba ya watu hao.

Mwalimu mkuu ana haki ya kuomba kuona hatimiliki ya ardhi ya shule yake na ramani ya mipaka yake kabla ya ukuta wa jirani kusogea. Mwalimu wa jiografia anaweza kuwapeleka wanafunzi kwenye mto ulio karibu, wakapima upana wake na umbali wa nyumba ya kwanza, kisha wakalinganisha na kanuni. Mwalimu wa uraia anaweza kuwafundisha kuandika barua kwa kaunti ya kuuliza iwapo jengo fulani limeidhinishwa, kwa ghorofa ngapi, na nani aliyelikagua. Na iwapo darasa lenyewe lina ufa unaopanuka, asiwepo mwalimu wa kuona haya kuwatoa watoto nje na kufundishia chini ya mti hadi mhandisi afike.

Shimo la msingi likichimbwa kesho kando ya njia ya shule, mwanafunzi ataliona kabla ya gavana kuliona. Ataona iwapo kuna bango lenye jina la mhandisi au hakuna. Ataona iwapo mto umesogezewa mawe. Swali lake, likiulizwa wiki hiyo, halimgharimu mtu yeyote uhai wala makao. Likiulizwa miaka miwili baadaye, huenda likaulizwa na tume ya uchunguzi, na mashahidi wengine wasiwepo wa kulijibu.